Visiwa vya Toronto kwa siku moja: shukeni Ward's, mfuate mchanga

Swali

Msomaji anayeishi Brampton, Kanada, anauliza: "Mama yangu anakuja kututembelea mwezi Julai. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda chombo cha majini maishani mwake, maji anayaogopa. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 10. Nataka kuwapeleka wote Visiwa vya Toronto kwa siku moja, lakini naona kuna feri tatu zinazokwenda gati tatu tofauti, na sijui tupande ipi. Jirani yangu ananiambia huko hakuna kitu ila foleni na bembea za watoto. Je, safari hii itamfaa mama? Na tuipangeje?"

Jibu

Dada yangu, mama na akaribie salama. Jibu fupi ni hili: safari itamfaa, na huenda akaifurahia kuliko hata wajukuu. Pandeni feri ya Ward's Island, si ya Centre Island wala ya Hanlan's Point. Mkishuka, tembeeni taratibu upande wa ziwa mkielekea magharibi, watoto wacheze Centre, kisha jioni mrudi kwa gati yoyote itakayokuwa karibu nanyi na yenye foleni fupi. Tiketi hukatwa mara moja tu, upande wa mjini, na ni ya kwenda na kurudi. Ukishavuka, hakuna anayekuuliza ulishukia wapi.

Jirani yako hakukudanganya, amesimulia alichokiona. Watu wengi hufika gatini saa sita mchana siku ya Jumapili, wakaingia kwenye mstari mrefu kuliko yote kwa sababu ndio wanaouona kwanza, wakashushwa Centre pamoja na mamia ya wenzao, watoto wakapanda bembea, na saa kumi na moja wakageuka kupanga foleni nyingine ya kurudi. Nami mara ya kwanza nilipopeleka wageni huko nilifanya vivyo hivyo. Tulisimama kwenye foleni ya Centre karibu saa nzima, jua la jioni likitupiga usoni, mtoto amelala begani na chupa za maji zimekwisha. Kumbe wakati uleule, umbali wa matembezi ya nusu saa hivi, watu wa Ward's walikuwa wanapanda feri yao bila kusukumana. Tangu siku hiyo sijapanda tena feri ya Centre jioni ya wikendi.

Lakini foleni si sababu yangu kubwa. Nakusisitizia kuanzia Ward's na kuelekea magharibi kwa sababu ya namna visiwa hivi vilivyozaliwa.

Visiwa vya Toronto si vya mwamba, ni vya mchanga. Mashariki ya jiji kuna magenge marefu ya udongo na mchanga yanayoitwa Scarborough Bluffs, mengine yakipanda hadi kama mita 90 juu ya Ziwa Ontario. Kwa maelfu ya miaka mawimbi yamekuwa yakiyamega, na mkondo wa ziwa ukibeba ule mchanga kuelekea magharibi, ukiutua kidogo kidogo, hadi ukafanyika ulimi mrefu uliojikunja mbele ya mahali ambapo leo ni katikati ya jiji. Zamani haukuwa kisiwa. Ulikuwa umeshikamana na bara upande wa mashariki, karibu na mdomo wa mto Don, na mtu angeweza kwenda huko kwa miguu. Wenyeji wa asili wa eneo hili, Wamississauga, walipaheshimu kama mahali pa uponyaji. Makubaliano ya mwaka 1787 ambayo Waingereza walidai kuwa yaliwapa ardhi ya Toronto yalikuwa na kasoro kubwa, na madai ya Wamississauga hayakumalizwa hadi mwaka 2010, serikali ya Kanada ilipowalipa dola milioni 145.

Mwezi Aprili 1858 dhoruba iliukata ulimi ule wa mchanga upande wa mashariki. Maji yakapita, mlango ukabaki wazi, na rasi ikageuka kisiwa kwa usiku mmoja, kama unavyoweza kusema. Meli hupita katika mlango huo hadi leo. Ukisimama ufuoni Ward's ukatazama mashariki, unautazama.

Kwa hiyo mkishuka Ward's na kutembea kuelekea magharibi, mnakwenda njia ileile uliyokwenda mchanga. Mnaanzia pembe ya mashariki ambako dhoruba ilikata, mnapita katikati, mnaishia Gibraltar Point na Hanlan's Point ambako mchanga ulijikunja na kujilimbikiza. Mwanao wa miaka 10 ataelewa hili vizuri kabisa ukimwonyesha kwenye ramani ya simu mkiwa bado gatini. Ukilifahamu hili, kila utakachokiona siku hiyo kitakuwa na mahali pake.

Tuanze mwanzo sasa. Gati ya mjini inaitwa Jack Layton Ferry Terminal, na iko mwisho wa barabara ya Bay, pale inapokutana na Queens Quay. Kutoka kituo cha treni cha Union ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, na mama akishindwa, kuna tramu. Angalieni msikosee: iko feri nyingine ya kwenda uwanja mdogo wa ndege wa Billy Bishop, ambao nao umejengwa kwenye ncha ya magharibi ya visiwa. Ule uwanja una uzio wake, na kutoka hapo hakuna njia ya kuingia bustanini. Nimekutana na familia iliyofika huko na vikapu vyao vya chakula, wakalazimika kurudi.

Gatini watoto watakuta sanamu ya Jack Layton ameketi nyuma ya baiskeli ya watu wawili, akicheka, na kiti cha mbele kimeachwa wazi ili mtu akae. Waache wapande, mpige picha. Layton alikuwa diwani wa Toronto, baadaye kiongozi wa NDP, chama cha siasa cha Kanada, na alifariki mwaka 2011. Alifunga ndoa na Olivia Chow, ambaye mwaka 2023 alichaguliwa kuwa meya wa jiji, na harusi yao mwaka 1988 ilifanyika hukohuko mnakokwenda, katika kisiwa cha Algonquin, jirani kabisa na Ward's.

Tiketi kateni mtandaoni siku moja kabla, maana mstari wa dirishani wikendi unaweza kukutoa jasho. Nauli ya mtu mzima kwa miaka hii ya karibuni ni kama dola 9 na ushee za Kanada. Mama kwa umri wake analipa nauli ya wazee, na watoto hulipa chini zaidi. Kuwa na tiketi hakukuhakikishii nafasi kwenye feri fulani: anayefika kwanza ndiye anayepanda. Ndiyo maana nasema mfike saa tatu asubuhi, saa tatu na nusu mwisho. Mkiweza siku ya kazi, Jumanne au Jumatano, nendeni siku hiyo. Wikendi zenye sikukuu, ile ya Siku ya Kanada tarehe 1 Julai na ile ya Jumatatu ya kwanza ya Agosti, ziepukeni kabisa mkiwa na mama.

Zipo pia teksi za majini, boti ndogo za watu binafsi zinazoondoka mara zinapojaa. Zina faida yake jioni foleni ikiwa imefurika, ila nauli yake ni ya safari moja na inazidi ile ya feri. Kwa mama anayeogopa maji sizipendekezi. Ni ndogo, ziko chini karibu na maji, na hukimbia.

Sasa Ward's. Mkishuka mtashangazwa na kimya. Hakuna magari ya binafsi katika visiwa hivi. Mtaona mtu anapita na baiskeli, nyuma yake amefunga kigari cha mbao chenye mifuko ya sokoni, gunia la udongo wa bustani, au mtoto. Hivyo ndivyo wanavyohamisha kila kitu, hata kabati. Maana hapa watu wanaishi: Ward's na Algonquin zina nyumba 262, ndogo ndogo, za mbao, zimebanana, kila moja na rangi yake na maua hadi njiani. Viwanja ni vidogo kwa sababu mwanzoni Ward's ilikuwa kambi ya mahema ya watu waliokuja kupunga hewa majira ya joto. Baada ya muda mahema yalipata sakafu, kisha kuta, yakawa nyumba.

Nyumba zilienea sehemu kubwa ya visiwa. Mwaka 1956 visiwa vilikabidhiwa kwa mamlaka ya jiji kuu la Toronto, ambayo ilikusudia kuvigeuza vyote kuwa bustani ya umma, na kwa miaka kadhaa nyumba zikabomolewa mtaa baada ya mtaa. Waliobaki Ward's na Algonquin walikataa kuondoka. Mwezi Julai 1980 maofisa wa mahakama walipokuja na hati za kuwatoa, wakazi walisimama kwenye daraja la Algonquin wakawazuia. Suala hilo halikupata ufumbuzi hadi sheria ya mwaka 1993, iliyowapa ukodishaji wa muda mrefu wa ardhi na kuweka utaratibu mkali wa kuuza nyumba ili zisigeuke biashara. Mtu wa nje akitaka nyumba huko anajiandikisha kwenye orodha na kusubiri, na wengine husubiri miaka na miaka.

Nakusimulia haya kwa sababu mama yako atauliza. Wazee wote niliowapeleka wameniuliza swali lilelile: "Hawa walipataje kuishi hapa?" Mjibu mkiwa mmesimama pale darajani Algonquin, si baadaye nyumbani. Na muwe na adabu za mgeni. Vichochoro vile ni mbele ya nyumba za watu. Pitieni, salimieni, lakini msichungulie madirishani wala watoto wasichume maua.

Kutoka hapo shikeni njia ya upande wa kusini, upande wa ziwa. Sehemu kubwa yake ni ubao, mkikanyaga mnasikia mlio wake. Hapa ndipo mama atakapobadilika uso. Upande wa mjini ni ghuba tu, unaona ng'ambo. Upande huu hakuna ng'ambo: maji hadi upeo wa macho, na mawimbi yanayovunjika kama ya bahari, ila hakuna harufu ya chumvi. Atakuambia hiyo ni bahari. Mwache ashuke pale ufuoni Ward's, achote maji kwa kiganja aonje kwenye ncha ya ulimi, ndipo aamini kwamba ni ziwa. Huko asikokuona ni Niagara, na jimbo la New York la Marekani.

Pepo za upande huu ni baridi hata Julai. Joto la mjini lisikudanganye. Nimeona watu wenye fulana wakijikunja kwenye viti saa nne asubuhi wakati wenzao wa upande wa ghuba wanajipepea. Beba leso au sweta ya mama, na kofia zenye kamba, maana upepo huu unazichukua.

Na hapa niseme neno kuhusu kuoga, kwa kuwa watoto watataka. Maji ya Ziwa Ontario hubadilika joto ghafla kuliko watu wanavyodhani. Upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu siku moja au mbili, husukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua yakaondoka pwani hii, na ya chini, yaliyo baridi, yakapanda kuchukua nafasi yake. Unaweza kuoga vizuri Jumamosi, na Jumanne ukatia mguu ukautoa kwa mshtuko, jua likiwa lilelile. Hayo ya chini ni baridi hasa: tangu mwaka 2004 majengo mengi ya katikati ya jiji yanapozwa kwa maji yanayovutwa na mabomba kutoka kina cha mita 83, kilomita 5 hivi ndani ya ziwa, ambako hubaki kwenye nyuzi 4 mwaka mzima. Mabomba yale huingia nchi kavu hapahapa visiwani. Kwa hiyo asubuhi ya safari angalia upepo ulivumaje jana yake. Ufuo wenye mlinzi una kiti chake kirefu na bendera. Watoto waoge mbele ya hicho kiti tu. Jiji pia hupima usafi wa maji na kutoa matokeo kila siku wakati wa majira ya kuoga.

Kutoka Ward's hadi Centre ni kama kilomita 2 na ushee. Kwa magoti ya mama hiyo ni saa nzima au zaidi, na msione tabu. Viti vipo njiani. Kaeni kila mara, kuleni kitu. Nami ningependekeza chakula kitoke nyumbani, kwa sababu vinavyouzwa Centre ni vya haraka haraka na bei yake si ya kulisha familia. Vyombo viwe na vifuniko vya kubana, maana bata bukini wa huko hawana haya hata kidogo. Watakuzunguka kama wageni waalikwa. Msiwape chochote, na kabla ya kutandika mkeka tazameni majani vizuri, kwa kuwa wameacha alama zao kila mahali.

Mkifika Centre, mtaiona ile gati ndefu ya miguu inayoingia ziwani. Karibu na hapo hukodishwa baiskeli, na zimo zile za magurudumu manne zenye viti vya mbele na vya nyuma na paa la turubai. Hiyo ndiyo dawa ya magoti. Mama anakaa bila kukanyaga pedali, nyinyi mnakanyaga, watoto wanadhani wanaendesha gari. Bila baiskeli hiyo nisingekushauri kumpeleka mama zaidi ya Centre. Mkiwa nayo mnafika hadi mnara wa taa na kurudi.

Bembea za Centreville, bustani ya michezo ya hapo Centre, zilifunguliwa mwaka 1967 na zinalenga hasa watoto wadogo, kwa hiyo wa miaka 6 atazifurahia kuliko kaka au dada yake. Kuingia ni bure, unalipia kila mchezo. Kama mtalipia mmoja tu, uwe ule wa farasi wa mbao wanaozunguka. Wamechongwa kwa mkono mwaka 1907, na si farasi peke yao, wamo wanyama wengine pia. Mwambie mwanao achague mnyama kwanza kwa kumtazama meno na manyoya, ndipo apande. Pembeni kuna shamba dogo la mifugo lisilo na kiingilio. Mama huyu, kama amewahi kufuga, atakaa hapo muda mrefu akiwahukumu mbuzi.

Mnara wa taa wa Gibraltar Point ndio mahali ninapopapenda kuliko pote visiwani. Ulijengwa mwaka 1808 na ndio mnara mkongwe kuliko yote iliyosimama katika Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini. Ni wa mawe, una mlango mdogo mwekundu, na ukiukaribia ukaugusa utasikia baridi ya jiwe hata adhuhuri. Tazama juu: utaona mahali ambapo kazi ya mawe inabadilika. Hapo ndipo mwaka 1832 walipouongeza urefu, kutoka kama mita 16 hadi 25. Lakini hebu jiulize, mnara wa kuongoza meli unafanya nini katikati ya miti, maji yako mbali? Ulipojengwa ulikuwa hatua chache tu kutoka majini, mita 7 na ushee. Leo kuna kama mita 100 kati yake na ziwa. Haukuhamishwa. Ni mchanga uliokuja, ukajilimbikiza mbele yake. Hapa ndipo ninapowaomba wageni wangu wasimame mlangoni, kisha watembee wakihesabu hatua hadi majini. Mwanao wa miaka 10 akihesabu hatua hizo, hutahitaji kumweleza zaidi.

Mlinzi wa kwanza wa mnara, J. P. Radelmüller, aliuawa Januari 1815, na tangu hapo watu husimulia kwamba anatembea huko usiku. Kwa mtoto wa miaka 10 ni hadithi nzuri. Kwa wa miaka 6 mngoje akue.

Ule mchanga siku hizi hauji tena kama zamani. Magenge ya Scarborough yamewekewa mawe chini yasimegeke, na mashariki ya visiwa mamlaka ya bandari ilianza miaka ya 1950 kumwaga vifusi ziwani, vikafanya ulimi mwingine uitwao Leslie Street Spit ambao unazuia mchanga kupita. Magharibi ya visiwa sasa inaliwa na mawimbi bila kulipwa. Na ardhi yote ni tambarare, iko juu ya maji kwa kimo kidogo sana: mwaka 2017 ziwa lilifurika hata visiwa vikafungwa kwa wageni hadi mwisho wa Julai, na mwaka 2019 mafuriko yakarudi. Kwa hiyo wiki ya safari tazama tangazo la jiji kuhusu feri na hali ya visiwa.

Kuhusu Hanlan's Point lazima nikuambie wazi, kwa sababu uko na mama na watoto. Ufuo wa Hanlan's umeruhusiwa kisheria kuogelewa bila nguo tangu mwisho wa miaka ya 1990, na kwa miongo mingi umekuwa mahali pa mashoga na wasagaji wa Toronto pa kukutanika kwa usalama. Wanaokwenda huko wana haki yao, na mabango yapo. Lakini mtu asiingie na mama yake wa miaka 67 bila kujua, kisha akasirike au aone aibu. Ufuo uko upande wa magharibi, nyuma ya miti na vilima vya mchanga. Gati ya Hanlan's iko upande mwingine, wa ghuba, na barabara inayoelekea huko haikulazimishi kupita ufuoni. Mkiwa na nguvu bado, nendeni gatini. Kuna sanamu ya Ned Hanlan, kijana wa visiwani aliyekuwa bingwa wa dunia wa kupiga makasia kuanzia mwaka 1880, na karibu yake bango linaloeleza kwamba hapo palikuwa na uwanja wa besiboli ambako Babe Ruth, nguli wa besiboli wa Marekani, akiwa na miaka 19, tarehe 5 Septemba 1914 alipiga mpira wake wa kwanza wa kuvuka uwanja kama mchezaji wa kulipwa. Kutoka Ward's hadi hapa ni zaidi kidogo ya kilomita 5. Mama akichoka kabla, rudisheni baiskeli Centre; kama ni siku ya kazi, pandeni feri hapohapo bila wasiwasi. Kama ni wikendi, ondokeni kabla ya saa tisa na nusu, au ngojeni hadi baada ya saa moja jioni foleni ikishapungua. Kabla ya yote, piga picha ratiba ya feri ukiwa mjini, maana gati tatu zina saa tofauti, na mbu wa jioni hawamngojei aliyekosa feri.

Nimebakiza hofu ya mama, na sikuisahau. Mwambie hivi: feri haivuki ziwa, inavuka ghuba. Mawimbi mtakayoyaona upande wa kusini hayafiki huku kwa sababu visiwa vyenyewe vimelala mbele yake kama ukuta. Kwa ajili ya utulivu huo ndipo gavana Simcoe mwaka 1793 alipochagua mahali hapa pawe mji na bandari. Safari ni kama robo saa, mji hauondoki machoni hata dakika moja, na feri zenyewe ni vyombo vizito vya zamani: William Inglis ni ya mwaka 1935, Sam McBride ya 1939, Thomas Rennie ya 1951. Trillium, inayosukumwa na magurudumu ya pembeni yanayopiga maji, ni ya mwaka 1910, na ingawa haitoki kila siku, mkibahatika kuiona mwonyeshe mama. Makoti ya kuokolea yapo, muulizeni mfanyakazi awaonyeshe yalipo kabla feri haijang'oa nanga. Nimeona hofu ya watu wazima ikipungua nusu kwa kuyaona tu.

Asipande ghorofa ya juu wakati wa kwenda. Ngazi ni mwinuko, na huko juu ndiko chombo huhisiwa kikiyumba. Mkalishe chini, katikati, kwenye benchi, wewe upande mmoja na mjukuu mkubwa upande wa pili, na uso wake uelekee mji mnaouacha. Macho yakishika kitu kisichotikisika, tumbo nalo hutulia, na mnara wa CN wenye mita 553 hautikisiki. Wakati wa kurudi muulize mwenyewe anataka kukaa wapi. Wengi wa wazee wangu, walioshikilia mkono wangu asubuhi, jioni huniambia tupande juu.